Uhalisia ulioongezwa: mazoezi ya nyumbani kwa kiti na chupa ya maji

Uhalisia ulioongezwa ni michoro ya kompyuta inayopachikwa juu ya kile kamera inachokiona. Usiuchanganye na uhalisia pepe, ambao hukufunika macho ukasahau upo wapi. Hapa sebule hubaki ilivyo, ila kwenye kioo cha simu, ukifungua programu ya mazoezi, huonekana duara la kusimamia na, kando ya goti lako, tarakimu ya pembe.

Tarakimu hiyo hutokana na kusomwa kwa mwili. MediaPipe, zana ya Google ya kutambua mwili kwenye picha, kwa mfano, huweka alama 33, kuanzia puani hadi ncha za miguu. Ukichuchumaa, programu hutazama alama tatu: nyonga, goti na kifundo cha mguu. Ukiwa wima pembe ya goti hukaribia nyuzi 180. Paja likilala sambamba na sakafu huwa kama 90, na hapo ndipo unapohesabiwa moja. Basi simamisha simu mita mbili hivi kutoka ulipo, usawa wa kiuno, uipe ubavu. Ukiielekea uso kwa uso, pembe ya goti inakisiwa tu. Dera nalo huficha magoti.

Chupa ya maji ya lita 1.5 ina uzito wa kilo moja na nusu, dumu la lita 5 kilo tano. Lijaze pomoni, likiwa nusu, maji huyumba na kuvuta kiganja. Simu lakini haijui uzito. Huona mkono ukipanda na kushuka, basi, kwa hiyo chupa tupu na iliyojaa ni mamoja kwake, na kalori inazokuonyesha usizitilie maanani sana. Dumu likiziba kifundo cha mkono, alama yake hurukaruka na hesabu huharibika. Lishike kwa mkono ulio upande wa kamera, kifundo kikionekana. Kiti cha plastiki kiegemeze ukutani kabla ya kukikalia na kuinuka, maana kwenye vigae huteleza.

Vigae vyeupe vinavyong'aa vina kasoro nyingine: kamera haipati madoa ya kutambulia sakafu ilipo, na duara huelea. Tandika mkeka wa ukili wenye rangi. Dirisha lisiwe nyuma yako, utaonekana kivuli. Simu ikipata moto, picha huchelewa na mizunguko ya haraka hupotea bila kuhesabiwa. Ipumzishe, au chuchumaa polepole.