Kuskani si kuhifadhi

Wengi huamini kwamba hati ya kale ikishaskaniwa, yaani ikigeuzwa kuwa faili la kompyuta, imeokoka milele, hata karatasi yenyewe yaweza kutupwa. Sivyo. Faili halisomeki bila mashine na programu yake, na hivyo vyote hupitwa na wakati upesi. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la ardhi la Uingereza la mwaka 1086, kwa kukusanya picha na maandishi ya wananchi kwenye diski za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu, na wataalamu wakahangaika kuziokoa data hizo. Daftari lenyewe la 1086, lililoandikwa kwenye ngozi, bado linasomeka.

Kwa hiyo nakala asili itunzwe. Picha kuu iwe TIFF, aina ya faili la picha, isiyopunguzwa ubora. JPEG, aina nyepesi inayopunguza ubora, inatosha kutazamwa mtandaoni. Nakala ziwe tatu, moja ikae mbali na jengo, na zikaguliwe mara kwa mara, maana faili huharibika kimyakimya.

Linaloniuma zaidi ni maelezo kupuuzwa. Picha isiyosema ni ya nani, wapi, lini, na nani ana haki nayo, mtafiti ataipata vipi? Yaandikwe papo hapo wakati wa kuskani, wanaoyajua wangali hai.