Kutetemeka si kipimo cha sukari

"Daktari, mwili wangu naujua. Nikianza kutetemeka najua sukari imeshuka, nakunywa soda." Maneno haya nayasikia kliniki mara kwa mara, na ndiyo yanayonichosha kuliko yote. Anayeyasema mara nyingi mashine ya kupimia anayo, imo mkobani, haijatolewa hata kwenye kifuko chake.

Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 (namba zangu zote ni za mmol/L, kipimo cha mashine) mwili humwaga adrenalini, homoni ya hofu, ili ini litoe sukari ya akiba. Adrenalini hiyo ndiyo inayotetemesha mikono, inayotoa jasho jembamba, inayoupeleka moyo mbio na kuleta hofu isiyo na sababu. Sasa mtu akishikwa na wasiwasi, labda karo haijalipwa au simu imeita usiku wa manane, adrenalini ni ile ile na dalili ni zile zile. Hata aliyeishi na kisukari miaka 20 hawezi kuzitenganisha kwa kuhisi tu. Tena wasiwasi wenyewe hupandisha sukari. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Ukiinywa ukiwa na 13 utakesha unakojoa, na asubuhi utaamka umechoka, na wasiwasi umezidi.

Kuna na hili, ambalo huwaachisha watu dawa. Aliyekaa miezi na 16 au 18, akianza kutibiwa vizuri na kufika 7, anaweza kutetemeka na kutoka jasho kana kwamba imeshuka kweli. Mwili umezoea kule juu. Anaamini dawa inamuua, kumbe 7 hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta, na hali hiyo kwa kawaida hupungua wiki chache baadaye. Akila kila anapotetemeka, atarudi kule kule kwenye 16.

Kwa hiyo pima kwanza, nawasihi. Nawa mikono, kwa sababu kidole kilichotoka kumenya embe hutoa namba ya uongo. Toboa pembeni mwa kidole. Ukikuta chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, ngoja dakika 15, pima tena. Ukikuta 6 au 9, kaa chini, vuta pumzi na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Kisha andika kwenye daftari namba, saa, na kilichokuwa kikikusumbua. Daftari hilo nalipenda kuliko maelezo yoyote utakayonipa kwa mdomo.

Ila kama unatetemeka, vijiti vya mashine vimekwisha na unatumia insulini, glibenklamaidi au gliklazaidi, chukulia imeshuka, kunywa sukari. Hapo usisubiri. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho, ingawa ndiyo inayosingiziwa kila siku.

"Sisikii chochote, basi iko sawa." Hapana. Sukari ya 12 haiumi. Na ukitumia propranololi au atenololi kwa ajili ya presha, hata ikishuka huenda usitetemeke wala moyo usiende mbio. Jasho ndilo linalobaki kukuonya.

Ganzi nayo isitupiwe wasiwasi yote. Ukipumua haraka kwa hofu, vidole na midomo huchonyota, kisha hali hupita. Nyayo zinazowaka usiku baada ya usiku ni mishipa ya fahamu, au vitamini B12 imepungua kwa kutumia metfomini muda mrefu. Zote mbili zinachunguzwa. Na maumivu ya kifua usiyaite wasiwasi kabla moyo haujapimwa.

Wapo wanaonificha hofu zao kwa kuwa wameambiwa ni upungufu wa imani. Si kweli. Hofu inayorudi hata namba zikiwa nzuri ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa. Nielezeni mapema, maana baadhi ya dawa hizo hugusa sukari na lazima tuzichague pamoja.