Msumeno wa kwenye fulana hautokani na mauaji ya kweli

Kwenye mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, huuzwa fulana za muziki wa hevi metali zenye picha ya msumeno wa mashine. Wengi huamini picha hiyo yatokana na mauaji ya kweli yaliyotokea Texas, yakaigizwa kwenye filamu The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. Kisa hicho ni cha kubuni. Kilichokopwa, tena kidogo, ni habari za mhalifu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, aliyekamatwa 1957, na hakutumia msumeno huo.

Si ajabu watu kuamini: filamu yenyewe inaanza kwa kutaja tarehe, 18 Agosti 1973. Ichukue tarehe hiyo uitafute katika magazeti ya Marekani ya wakati ule. Mauaji makubwa huacha mazishi, kesi, majina ya marehemu. Hayamo. Kiangazi hicho hicho ndipo filamu ilipokuwa ikipigwa.