Impilanti ya jino: skurubu naweka mimi, kazi inafanywa na mfupa

Juzi kaja kijana kwangu hapa Kampala, boda imemwangusha, jino la mbele limetoka lote na mzizi wake, na swali lake la kwanza ni lile naulizwa karibu kila wiki: daktari, Jumamosi ntakuwa na jino? Ana kwanjula, sherehe ya kutambulishwa ukweni. Nikamwambia jino la kuvaa siku hiyo atapata, lile la kuchomeka na kutoa, ila impilanti yenyewe hapo tunaongea miezi. Niliona uso ulivyomshuka, ndo maana naandika hii.

Watu wengi wanadhani impilanti ni jino, unaingia asubuhi unatoka nalo. Hapana. Ni skurubu ndogo ya titani, urefu kama sentimita moja hivi, inakaa ndani ya mfupa wa taya pale mzizi ulipokuwa, juu yake kinafungwa kiungio, na juu ya kiungio ndo linakuja jino ambalo watu wataliona ukicheka. Mambo haya yalianzia kwa Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950 alikuwa anachunguza mfupa wa sungura kwa vifaa vya titani, alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Mpaka leo sisi wote tunategemea hicho hicho, mfupa ushike titani, na huwezi kuuharakisha.

Siku ya kwanza usitegemee kuchimbwa. Ntakuuliza maswali mengi: sukari, presha, sigara, mairungi, dawa unazomeza hasa zile za kuimarisha mifupa. Usinifiche, maana sigara na sukari isiyotulia ndo vinanifelishia kazi kuliko vingine. Halafu skani ya 3D, tupime mfupa urefu na upana. Na hapa ndo watu wanaumia: jino likishang'olewa mfupa wake unakosa kazi, unaanza kuliwa kidogo kidogo kama ukuta wa udongo uliokosa bati, na mwingi unapotea ndani ya mwaka wa kwanza. Mzee aliyeng'oa gego la juu miaka kumi iliyopita, saa zingine nakuta kati ya ufizi na uvungu wa sainasi, ule uwazi wenye hewa juu ya meno ya juu, kumebaki milimita chache tu, inabidi kwanza tuongeze mfupa, na hiyo ni pesa nyingine na miezi mingine.

Siku ya kazi yenyewe ni sindano ya ganzi, ile ile ya kung'oa jino. Uko macho, unasikia mtetemo na maji, maumivu hapana, na kama unasikia maumivu inua mkono nikuongeze ganzi, usivumilie. Skurubu moja mara nyingi saa moja haiishi, na wengi wananiambia kung'olewa kulikuwa kubaya zaidi. Kuvimba kunafika juu siku ya pili ya tatu, halafu kunashuka. Barafu ifungie kitambaa, dawa maliza zote, usinyonye kwa mrija. Kula matoke ya kuponda, posho (ugali) laini na mchuzi wa karanga, uji uliopoa. Muchomo, muwa, mahindi ya kuchoma, hivyo viache kwanza. Nyuzi tunatoa baada ya siku 7 mpaka 10. Ukiona mdomo bado una ganzi kesho yake, au uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu, nipigie hata usiku.

Kisha kusubiri: taya la chini kama miezi 3, la juu 4 mpaka 6 maana mfupa wake ni laini zaidi. Maumivu yameshaisha zamani, kwa hiyo mtu anaona daktari anamchelewesha bure. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii mama mmoja alinibembeleza, anasafiri, nimwekee jino la taya la juu mwezi wa pili tu baada ya skurubu, nikakubali. Baada ya wiki chache skurubu ikaanza kucheza, tukaitoa, tukasubiri mfupa upone, tukaanza upya. Kosa lilikuwa langu na iliniuma sana kumwona ameketi tena kwenye kiti kile. Tangu hapo sisogezi tarehe kwa kubembelezwa. Kuna jino la mbele ambalo skurubu ikishika vizuri tunaweza kuweka la muda siku hiyo hiyo, lakini la kuonekana tu, usiling'atie kitu.

Bei ni mamilioni ya shilingi kwa jino moja, nasema wazi. Uliza kabla: hiyo bei ina skani, ina kiungio, ina jino lenyewe linalokaa juu yake, au ni skurubu peke yake? Kama pesa haifiki, briji (jino linaloshikiliwa na meno ya jirani) au meno ya kuvaa yakitengenezwa vizuri yanakula chakula vizuri, na hakuna aibu hapo.

Na ukishawekewa, lisafishe. Impilanti haitobolewi na wadudu lakini ufizi wake unaugua na mfupa chini unaliwa, tena kimya kimya, kwa sababu skurubu haina neva ya kukuamsha usiku. Njoo kila miezi 6 niangalie, hata kama hakuna kinachouma.

Yule kijana wa boda alienda kwanjula na jino la kuvaa. Skani yake ni wiki ijayo, kidonda bado kipya, tuwahi mfupa ungali upo.