Idli haitiwi sukari, lakini ina wanga

Wengi huamini kwamba kifungua kinywa cha Kihindi kisichotiwa sukari, kama idli (vikeki laini vya rojo la mchele na dengu) au dosa (chapati nyembamba ya rojo kama hilo), hakipandishi sukari kwenye damu. Idli hupikwa kwa mvuke bila mafuta, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya rojo lake ni mchele, na wanga wa mchele humeng'enywa ukawa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu.

Si lazima kuiacha. Kula mbili badala ya nne, pamoja na sambar, mchuzi mzito wa mbaazi na mboga: protini na nyuzinyuzi huchelewesha glukosi kuingia kwenye damu. Mimi napendelea chila, chapati nyembamba ya unga wa dengu, badala ya idli.

Mwenye mashine ya kupimia sukari ya damu apime kabla ya kula, kisha saa 2 tangu tonge la kwanza, alinganishe asubuhi ya idli na ya chila. Anayetumia insulini azungumze kwanza na daktari wake.