Sangara mkubwa hajamaliza kuzaa

Nimeambiwa tena, safari hii na mzee anayeheshimika mwaloni, kwamba sangara mkubwa ameshazeeka na ameshazaa, hivyo ni heri avuliwe awapishe wadogo. Kwa heshima zote, mzee wangu, hapana.

Kwamba sangara ni mwenyeji wa Ziwa Albert na wa Nile chini ya Maporomoko ya Murchison, na kwamba Ziwa Victoria aliletwa na watu, hayo yanajulikana. Linalonikera ni hili la uzee. Samaki huyu huendelea kukua, na mayai huongezeka pamoja na mwili: urefu ukiwa mara mbili, uzito huwa takriban mara nane, kwa hiyo jike wa sentimita 140 halingani na majike wawili wa sentimita 70, bali hukaribia wanane, na mayai yake huhesabiwa kwa mamilioni. Madume hukomaa wakiwa wadogo na hukua polepole, ndiyo maana karibu kila sangara mkubwa tunayemshangilia ni jike. Mpasue tumbo akiwa tayari kutaga: chini ya lile bondo, yaani kibofu chake cha hewa, lililompandishia bei utaona mifuko miwili iliyojaa mayai, kila yai likiwa halifiki milimita moja, lakini lina tone la mafuta linalolielesha.

Ni kweli kwamba sangara humla sangara, na hoja ya kuwapisha wadogo haikuzuka hivi hivi. Lakini hata sangara wa kadiri naye hula wadogo, bila kurudisha majini mayai kama ya yule mkubwa.

Umri nao vitabu huutaja kwa uhakika ambao mimi sina. Tunausoma kwenye pete za vijiwe vya sikio, na katika maji yetu yaliyo na joto mwaka mzima pete hizo hufifia kiasi kwamba wasomaji wawili huweza kutofautiana juu ya kijiwe kimoja. Anayesema samaki fulani ni mzee anieleze amejuaje.

Kipimo cha urefu wa sangara wa kuvuliwa kilichowekwa Ziwa Victoria, sentimita 50 hadi 85, kilikuwa na maana hiyo hiyo: mdogo aachwe akomae, mkubwa aachwe azae. Ziwa Albert uangalifu unahitajika zaidi, kwa kuwa humo anaishi pia nduguye, Lates macrophthalmus, asiyepatikana ziwa jingine lolote na aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Anayemnasa jike mkubwa kwa ndoana, akiwa bado hai, amrudishe majini upesi.