Ekografi Imeonyesha Mawe ya Nyongo: Je, Upasuliwe?

Wengi wanaofika katika idara yetu ya upasuaji hapa Bukavu na karatasi ya ekografi mkononi huwa wameshakata shauri. Mmoja anasema, "Docta, yatoe haraka kabla hayajapasuka." Mwingine: "Kisu sitaki, nipe dawa ya kuyayeyusha." Wote wawili wamewahi mno. Ekografi inasema mawe yapo. Haisemi kama ndiyo yanayokuumiza, na hilo ndilo linaloamua.

Kifuko cha nyongo kimekaa chini ya ini, upande wa kuume. Ini ndilo linalotengeneza nyongo. Kifuko huhifadhi mililita 30 hadi 50 tu na kuimimina kwenye utumbo unapokula mafuta. Mawe huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, watu wanene, na waliovuka miaka 40. Kwetu tusiwasahau watoto na vijana wa SS, yaani wenye drepanositozi (ugonjwa wa selimundu): chembe nyekundu za damu yao huvunjika upesi, na rangi inayobaki huganda ndani ya nyongo.

Kama mawe yalionekana kwa bahati, tuseme mama alikuwa akipigwa ekografi ya mimba, na hajawahi kuumwa, mara nyingi ushauri wetu ni kuyaacha. Kati ya watu 100 wenye mawe yasiyouma, 1 au 2 tu ndio huanza kuumwa kila mwaka. Wengi huzeeka nayo. Tunafikiri upya kukiwa na jiwe linalozidi sentimita 3, kinyama kinachofikia milimita 10 ndani ya kifuko, au ukuta wa kifuko ulioshika chokaa, kwa kuwa hapo hofu ya saratani huongezeka. Mgonjwa wa SS naye azungumze na daktari wake, maana maumivu ya mawe na yale ya krizi ya SS yanaweza kufanana.

Maumivu ya mawe yana tabia yake. Huja juu ya tumbo, katikati au chini ya mbavu za kuume, mara nyingi saa chache baada ya sombe iliyojaa mawese au sambaza za kukaanga, au usiku wa manane. Hupanda, hukaa nusu saa hadi saa kadhaa, huelekea mgongoni au kwenye bega la kuume, kisha hutulia. Kesho yake mtu anapanda mlima wa Kadutu kama vile hakuna kilichotokea.

Ni tabia hiyo hiyo inayowapoteza wengi. Mtu amekula karamuni, usiku tumbo limemkamata, ametapika: familia inamtafuta aliyempa karuho, yaani sumu, kabla ya kutafuta ekografi. Anapewa miti ya kutapisha. Baada ya saa chache maumivu yanaisha, kama ambavyo yangeisha bila miti, na sifa inaenda kwa mwenye miti. Shambulio likirudi, shemeji au jirani analaumiwa tena. Sisemi sumu haipo duniani. Nasema maumivu ya namna hii yapigiwe ekografi kwanza, ukiwa hujala kwa saa 6 hadi 8, kabla ya kuvunja undugu. Na anayemeza omeprazole ya famasia miezi na miezi kwa "gastriti" isiyopona, naye ajiulize kama si mawe.

Mawe yakishaanza kuuma, kwa kawaida yatauma tena, na hapo tunashauri kifuko kitolewe. Si lazima iwe leo. Una muda wa kutafuta falanga, kuuliza mituweli yako ya afya, kungoja mtoto aache ziwa. Lakini maumivu yakipita saa 6, yakija na homa, macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukitapika bila kukoma huku maumivu yakichoma hadi mgongoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Jiwe huenda limeziba njia ya nyongo au limeamsha uvimbe wa kongosho, na hayo huua.

Dawa ya kuyeyusha ipo, ila hufaa mawe madogo ya kolesteroli peke yake, humezwa miezi mingi, na mawe hurudi kwa wengi. Mafuta ya zeituni na ndimu? Vile vidonge vya kijani unavyoviona chooni ni mafuta yenyewe yaliyoganda tumboni. Kutoa mawe na kuacha kifuko hakusaidii pia: kifuko kitatengeneza mengine.

Carl Langenbuch alitoa kifuko cha kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na watu wameishi bila hicho tangu hapo. Ini huendelea kumwaga nyongo moja kwa moja kwenye utumbo. Wengine huharisha kwa muda wakila mafuta. Upasuaji wa kamera, ulioanzia Ujerumani mwaka 1985, huacha matundu madogo, na mtu hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Ule wa kupasua chini ya mbavu hukulaza zaidi, na hutabeba mzigo kwa wiki kadhaa. Si kila hospitali ya Bukavu ina kamera. Binafsi ningemchagua mpasuaji aliyezoea kabla ya kuchagua mashine, kwa sababu hatari kubwa ni kukatwa njia kuu ya nyongo. Ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini kuirekebisha ni kazi nzito.

Kwa hiyo muulize mpasuaji: umefanya ngapi? Bei uliyonitajia ina dawa ya usingizi na siku za kitanda ndani yake? Ukianza na kamera ukalazimika kupasua, nitalipa nini? Ukitoka, dai ripoti ya upasuaji na uitunze. Jiwe linaweza kubaki kwenye njia ya nyongo na kuuma baadaye, na matundu ya kamera peke yake hayatamwambia daktari mwingine ulitolewa nini.